Kidole cha mtoto na vitabu vya viungo vya mwili

Hapa Kisangani mtoto mdogo anajifunza majina ya mwili wake ndani ya beseni ya kuogea. Mama ao bibi anamuosha na kumuuliza: "Pua iko wapi? Masikio iko wapi?" Mtoto anagusa pua, watu wa nyumba wanacheka, naye anarudilia. Wakifika kwenye kitovu, anacheka hata kabla ya kuguswa. Ni shule isiyo na minervali wala daftari, na imefundisha watu wa mji huu tangu zamani.

Siku hizi kazi hiyo inaombwa pia kwa vitabu: vitabu vya picha vya karatasi ngumu, vyenye vipande vya kufunua, vitambaa vya kupapasa na vioo. Vinaletwa na ndugu wanaoishi Ulaya, ao vinaonekana katika materneli chache zenye uwezo. Wazazi wanavipenda, na wengine wanaona haya kwamba nyumbani mwao havipo. Sisi walimu wa sekondari tunapenda kutoa maoni yetu juu yavyo, sababu mtoto huyo ndiye tutakayempokea kesho. Swali letu ni moja: mtoto akifunga kitabu, kidole chake kinakwenda wapi? Kikirudi kwenye mwili wake na kwa mtu aliyempakata, kitabu kimefanya kazi. Kikibaki kwenye karatasi, kitabu kimefundisha karatasi tu.

Vitabu vitatu

Tuchukue vitatu vinavyojulikana sana, vyote vya Marekani. Cha kwanza ni Pat the Bunny cha Dorothy Kunhardt, cha mwaka 1940. Humo mtoto anapapasa manyoya ya sungura, anajificha kwa kitambaa, anajiangalia kwenye kioo, na anagusa shavu la baba lenye ndevu zinazokwaruza. Hakikuandikwa kufundisha viungo, lakini kimeshinda vingi vilivyofuata. Mtoto akishagusa ile karatasi ya kukwaruza, anainua mkono na kutafuta shavu la baba yake mwenyewe.

Cha pili ni Where Is Baby's Belly Button? cha Karen Katz, cha mwaka 2000. Macho yamefichwa chini ya kofia, kitovu chini ya shati; mtoto anafunua, anaona. Ni mchezo wa kujificha, na watoto wa dunia nzima wanaupenda. Udhaifu wake ni kwamba kitovu kinachopatikana ni cha mtoto wa picha. Kama mama haongezi: "Na yako iko wapi?", mchezo unaishia kwenye karatasi. Mara ya kumi mtoto anajua mahali pa kufunua, lakini si lazima ajue kitovu.

Cha tatu ni From Head to Toe cha Eric Carle, cha mwaka 1997. Hicho hakina kipande cha kufunua hata kimoja. Mnyama anafanya tendo, mtoto anaiga: twiga anakunja shingo, sokwe mkubwa anapiga kifua, tembo anakanyaga chini. Kinachochezwa ni mwili wenyewe, si karatasi. Kwa swali letu, hiki ndicho kinachoshinda. Tena hakiogopi unyevu wa Kisangani, unaobandua gundi ya vile vipande mapema.

Mkono ni mmoja

Lakini tukijaribu kukisema kitabu hicho cha Carle kwa Kiswahili, tunakwama. Nyani anapunga mikono, sili wa baharini anapiga makofi kwa mikono. Kwa Kiingereza ni viungo viwili tofauti, na kwa Kifaransa vile vile: "bras" na "main". Kwa Kiswahili yote ni mikono. Punda anarusha miguu, tembo anakanyaga kwa mguu. Tena neno moja. Ukienda kwa Kilingala ni namna ile ile: loboko, lokolo.

Je, lugha zetu ni maskini? Hapana. Zinagawa mwili kwa njia nyingine. Kiswahili kinauona mkono kama kitu kimoja, toka begani mpaka ncha za vidole, halafu ndani yake kinataja kiwiko, kigasha, kiganja. Mguu pia: paja, goti, muundi, kisigino, wayo. Anayetafsiri neno kwa neno atamchanganya mtoto, ao atabuni maneno ambayo bibi hayajui. Matokeo tunayaona darasani: mwanafunzi wa biolojia anataja "avant-bras" bila kosa, lakini kigasha hajawahi kukisikia. Ana mwili wa shuleni na mwili wa nyumbani, na hajui kama ni mmoja.

Kuna jambo lingine ambalo vitabu hivyo havilitaji: upande. Kwetu mtoto hajui mkono mpaka ajue mkono wa kuume. Akipokea kitu kwa mkubwa kwa mkono wa kushoto, anakosolewa papo hapo. Majina ya mwili na heshima vinafundishwa pamoja.

Sehemu isiyotajwa

Tuseme tu ukweli: mila yetu pia ina pengo. Vitabu vyote vitatu vinapita pembeni ya sehemu za siri, na sisi vile vile. Tunasema "kule chini" na kugeuza maneno. Heshima hiyo tunaijua na hatutaki kuivunja mbele ya wageni. Lakini mtoto asiye na neno hawezi kumwambia muuguzi mahali panapouma, na akiguswa vibaya na mtu mzima, hawezi kumweleza mama yake. Anaishia kulia tu, na kilio hakisemi nani wala wapi. Hakuna mahali pazuri pa kufundisha hilo kushinda pale pa kuogea, kwa sauti ya mama: "Hapa ni pako, mtu asiguse." Kitabu cha Ulaya hakiwezi kutusemea neno hilo, kwa sababu kila nyumba ina neno lake la adabu.

Cha kufanya

Katiba ya mwaka 2006 inataja Kiswahili na Kilingala kati ya lugha nne za taifa, na sheria ya elimu ya mwaka 2014 inazipa lugha hizo nafasi darasani. Lakini sheria haichapi vitabu. Mradi wa African Storybook, ulioanzishwa Afrika Kusini mwaka 2014, unaruhusu mtu yeyote kutafsiri na kuchapa hadithi zake bure, na Kiswahili kimo. Ni msaada mkubwa, ila tafsiri peke yake haitatatua shida ya mkono.

Tunapendekeza kitabu kinachozaliwa hapa hapa, cha katoni na vipande vya kitenge vilivyoshonwa, si kubandikwa kwa gundi. Kitambaa cha kwanza kifunike mkono wote. Mtoto akifunua, akute vitambaa vidogo vya kiwiko na kiganja. Kila ukurasa umalizike kwa swali linalomrudisha kwake: "Na yako?" Maneno yawe ya Kiswahili na Kilingala cha mji huu, yale mama anayosema kweli.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mwalimu peke yake hana maneno yote, wala mchoraji, wala mama kijana aliyekulia kwenye Kifaransa cha shule. Kwa hiyo kazi ianze kwa bibi zetu wa Kabondo, Mangobo na Lubunga: kila msomaji aandike, kwa daftari ya kawaida, majina yote ya mwili ambayo mzee wa nyumbani kwake anayajua, toka utosi mpaka wayo. Majina mengine yako kwa wazee peke yao, na wazee hawatungojei.