Utangulizi uliomharibu kauboi asiye na jina

Hebu fikiria umenunua riwaya, kisha ugundue kuwa mchapishaji ameongeza sura ya kwanza ambayo mwandishi hakuiandika. Bila shaka utalalamika. Filamu ikitendewa hivyo kwenye runinga, ni wachache wanaoshtuka.

Tuchukue mfano wa A Fistful of Dollars, ile filamu ya kauboi iliyotengenezwa na Mwitaliano Sergio Leone mwaka wa 1964. Mwanzoni, mgeni aliyepanda baghala anafika kisimani, anakunywa maji. Mbele ya macho yake mtoto mdogo anafukuzwa kwa mateke na risasi, huku mamake, Marisol, akiwa mateka dirishani. Mgeni anatazama tu. Hasemi neno.

Kimya hicho ndicho kiini cha filamu. Akiingia mjini San Miguel, mgeni anazichonganisha familia mbili hasimu, Rojo na Baxter, akila huku na huku. Tunamhukumu kuwa mlafi wa pesa. Kisha, bila kulipwa na yeyote, anahatarisha maisha yake kumwokoa Marisol na mwanawe, na pesa anawapa. Tendo hilo linatugusa kwa sababu hakuna aliyetuandaa.

Sasa, runinga ya ABC nchini Marekani ilipoionyesha filamu hii miaka ya 1970, ilionekana haifai shujaa kuua watu bila sababu ya kimaadili. Ukaongezwa utangulizi wa dakika kama nne, ulioelekezwa na Monte Hellman. Humo, ofisa anayeigizwa na Harry Dean Stanton anamwahidi mgeni msamaha, mradi akausafishe mji wa San Miguel. Clint Eastwood hakushiriki. Alitumiwa mtu mwingine, na uso wa Eastwood ukachopolewa kutoka picha za zamani.

Tazama madhara yake. Hata pasipo kugusa neno lolote la filamu yenyewe, maana ya kila tukio imegeuka. Yule anayetazama kisimani si fumbo tena, ni mtumwa wa serikali anayekagua kazi aliyopewa. Na huruma yake kwa Marisol? Ati sasa nayo inaweza kusomwa kama sehemu ya mkataba.

Wapo watakaodai kwamba filamu hizi hazina asili ya kulindwa. Waigizaji walizungumza kila mmoja kwa lugha yake, na sauti zikaingizwa baadaye. Hoja hiyo ina uzito. Hata The Good, the Bad and the Ugly ya 1966 ilifupishwa kwa ajili ya soko la nje, na vipande vilipokuja kurejeshwa mwaka wa 2003, Eastwood na Eli Wallach waliingia studio tena kuvitilia sauti za Kiingereza. Sikiliza kwa makini, utasikia sauti ya mzee kinywani mwa kijana. Lakini vipande hivyo alivipiga Leone mwenyewe. Ule utangulizi hakuupiga.

Kwa hivyo, mhakiki anapoijadili filamu ya aina hii, na ataje kwanza ni toleo gani alilotazama. Kupunguza huacha pengo ambalo mtazamaji anaweza kulishuku. Kuongeza maelezo humjibia swali kabla hajaliuliza, naye hajui kwamba amepokonywa kitu.