Nyimbo za Mwenda Jean-Bosco: vidole na maneno

Wageni wanaoandika juu ya Mwenda Jean-Bosco husifu vidole vyake. Wana haki. Lakini sifa hiyo ni nusu tu. Nusu nyingine yatupasa sisi watu wa Lualaba kuisema, kwa maana maneno ya nyimbo zile ni maneno yetu.

Alizaliwa Bunkeya, mji mkuu wa Bayeke, mwaka wa 1930. Mwaka wa 1952 Bwana Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka Afrika akikusanya nyimbo, alimkuta Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, akanasa sauti yake. Wimbo wa "Masanga" ukapewa zawadi ya Osborn mwaka ule ule, na disiki za Gallotone zikaenda mbali. Baadaye Mwenda alikaa kwa muda Nairobi, akapiga katika radio, na vijana wa Kenya wakajifunza kwake. Mwaka wa 1969 alipiga Newport, Marekani. Alikufa kwa ajali ya motokari huko Zambia, Septemba 1990.

Tuitazame kazi yenyewe. Vidole vyake vya kupiga ni viwili tu: gumba, na kile kinachokifuata. Gumba chashika nyuzi nene na chatembea bila kuchoka, kama mama anayetwanga. Kidole cha pili chajibu juu, mara mbele ya gumba, mara nyuma yake. Asikilizaye disiki hudhani wapigaji ni wawili. Ndiyo sababu mwalimu David Rycroft alizichunguza nyimbo hizo na kuziandika kwa alama za muziki.

Basi, maneno. Wengine husema hayana kichwa wala mkia: salamu, kisha jina la mji, kisha habari ya mke, na mwisho hauonekani. Twakubali kwa sehemu. Nyimbo kadhaa zaanza habari na kuiacha njiani. Atafutaye fundisho atatoka mikono mitupu. Lakini ndivyo watu waongeavyo kambini jioni. Jirani apita, asalimu, aulize habari za kwao, aondoke. Watu waliotoka vijiji mbalimbali waliunganishwa na kazi ya shaba na Kiswahili kimoja, na mazungumzo yao ndiyo yamo ndani ya nyimbo hizi.

Tena Kiswahili kile kilichekwa. Waliojua cha pwani walikiita kibovu. Mwenda hakukivalisha nguo ya kuazima ili kipendwe. Aliimba kama alivyosema. Na Nairobi, mahali ambapo Kiswahili hakikuwa kigeni, walimsikiliza na kumwiga.

Hapa twaona hatari. Mwaka wa 1979 Mwingereza John Low alisafiri mpaka Shaba ili ajifunze kwa Mwenda mwenyewe. Jambo jema! Lakini gitaa yaweza kujifunzwa na mtu asiyejua hata neno moja la wimbo. Tukinyamaza, vidole vitabaki na maneno yatakufa.

Kwa hiyo hukumu yetu ni hii: disiki za kwanza, mtu mmoja na gitaa moja, zabaki kipimo cha wote waliofuata. Nanyi vijana wa Kolwezi wenye kalamu, nendeni kwa wazee wa Bunkeya na Likasi, mwandike maneno pamoja na maana yake, wazee hao wakingali hai.