Wiki Yenye Jioni Moja

Ratiba ya televisheni ya wiki nzima husomwa kwa njia mbili. Ukishuka nayo, kuanzia kipindi cha asubuhi hadi taarifa ya usiku, utaona siku moja ilivyopangwa. Ukienda nayo kando, Jumatatu hadi Jumapili kwenye saa ileile, utaiona wiki. Wengi wetu hushuka tu, kwa sababu kila jioni tunauliza jambo moja: leo kuna nini? Mimi naomba twende kando, maana huko ndiko muundo wa tamthilia zetu ulikobadilika, na uhakiki wetu, unaopenda sana kujadili maudhui ya tamthilia, haujauangalia muundo huo kwa makini.

Kazi ya kuisoma wiki kama matini ina historia. Raymond Williams, mhakiki mzaliwa wa Wales, aliichukua wiki ya tarehe 3 hadi 9 Machi 1973, akaorodhesha vipindi vya vituo vitano, vitatu vya Uingereza na viwili vya San Francisco, kisha akavigawa kwa aina: habari, elimu, tamthilia, filamu, vipindi vya watoto, michezo na kadhalika. Matokeo aliyachapisha katika kitabu mwaka 1974. Kinachokumbukwa zaidi katika kitabu hicho ni dhana ya mtiririko. Usiku mmoja akiwa Miami alitazama filamu ya uhalifu iliyokuwa ikikatizwa na matangazo ya biashara pamoja na vionjo vya filamu nyingine, hadi akashindwa kujua kipi ni cha filamu ipi. Akaona kwamba mbele ya televisheni hatutazami kipindi kimoja kimoja, tunatazama mtiririko.

Dhana hiyo ni nzuri, ila ni ya kushuka: inaeleza usiku mmoja. Jedwali lake la wiki nalo lina pengo ambalo kwetu ni kubwa. Linahesabu saa za kila aina ya kipindi. Sasa, saa tano za tamthilia kwa wiki zaweza kuwa hadithi kumi za nusu saa, kila moja na mwanzo na mwisho wake. Au zaweza kuwa hadithi moja isiyokwisha. Katika jedwali zote mbili ni saa tano. Kwa mtazamaji ni wiki mbili zisizofanana hata kidogo.

Chukua Kenya. Hadi KTN ilipoanza mwaka 1990, nchi ilikuwa na kituo kimoja cha televisheni. Kituo kimoja hakina budi kumhudumia kila mtu: mtoto, mkulima, mwanafunzi, mzee anayengoja habari. Kwa kuwa hapakuwa na pa kuhamia, tofauti ilibidi iwekwe ndani ya wiki yenyewe, kila siku ikapata sura yake. Kichekesho cha Vioja Mahakamani kilikuwa na siku yake, na Vitimbi, ya akina Mzee Ojwang' na Mama Kayai, ikawa na yake.

Itazame Vioja Mahakamani kwa jicho la fani. Mshtakiwa anapanda kizimbani, shtaka linasomwa, mashahidi wanahojiwa, mshtakiwa anajitetea kwa maneno yanayozidi kumtia matatani, hakimu anatoa hukumu. Hukumu ndiyo mwisho wa msuko, na hakuna anayehitaji kuambiwa kwamba hadithi imekwisha. Juma lijalo mwigizaji yuleyule anaweza kusimama palepale kwa kosa jingine kabisa, kama mtu asiyewahi kufungwa, wala mtazamaji halalamiki. Siku kati ya sehemu moja na nyingine hazina hadithi. Ni za mtazamaji, azitumie kusimulia, kuigiza na kubishania hukumu.

Papa Shirandula ya kituo cha Citizen, iliyobebwa na marehemu Charles Bukeko, ilikuwa na mwisho wa namna nyingine. Papa ni mlinzi wa langoni aliyemwaminisha mkewe kwamba ana kazi ya ofisini. Sehemu baada ya sehemu uongo huo unasukumwa hadi ukingoni, kisha unaokolewa. Hapa hakuna hukumu, kuna marejeo: tunarudi tulipoanzia, sare ikiwa imefichwa tena. Nafikiri nguvu yote ya kichekesho kile ilikaa katika marejeo hayo. Siri ikifichuka kabisa, kipindi kimekufa; isipotishiwa, hakuna kichekesho. Mwandishi analazimika kubuni tishio jipya na wokovu mpya kila wiki, ndani ya muda ule mfupi. Hiyo ni nidhamu ngumu, na hatukuwahi kuisifu inavyostahili.

Kisha ikaja tamthilia ya kila siku. Maria ilipoanza Citizen mwaka 2019, ikapangwa Jumatatu hadi Ijumaa saa moja na nusu jioni, mara baada ya taarifa ya Kiswahili. Ikafuatwa na Zora mwaka 2021, na Sultana mwaka 2022. Tanzania nako Huba na Jua Kali zimejenga watazamaji kwa hadithi ndefu za mfululizo. Ukienda kando sasa, kutoka Jumatatu hadi Ijumaa, unakutana na jina lilelile. Ukishuka, jioni moja ina kila kitu: habari, mapenzi, matangazo, habari tena kwa Kiingereza saa tatu. Jioni imetajirika na wiki imefilisika.

Lakini wiki haikufa. Ilihamia ndani ya msuko, na hapa ndipo ninapowaona waandishi wa tamthilia hizi kuwa mafundi. Taharuki ya Jumanne inahitaji kudumu siku moja tu, kwa hiyo inatosha mlango ufunguliwe na uso mmoja ushtuke. Taharuki ya Ijumaa lazima ivumilie Jumamosi na Jumapili. Ndiyo maana Ijumaa ndiyo siku ya barua kusomwa, ya harusi kuvunjika, ya mtu kuanguka. Jumatatu nayo huanza polepole, wahusika wakirudia kwa mazungumzo yale tuliyokwisha kuyaona, ili aliyesahau akumbushwe. Mtazamaji makini anaweza kuijua siku bila kalenda, kwa kupima tu kasi ya matukio.

Ufundi huo unapotea kabisa katika tamthilia za Kituruki. Ile inayomhusu Sultani Suleiman, ambayo kituo cha Azam kiliionesha kwa sauti za Kiswahili, ilitazamwa Uturuki kati ya 2011 na 2014 mara moja kwa wiki, kwa sehemu ndefu zilizoweza kufikia urefu wa filamu nzima. Kwa soko la nje, sehemu kama hizo hukatwa vipandevipande. Basi taharuki unayoiona mwishoni mara nyingi si ya mwandishi. Ni mahali kisu cha mhariri kilipoangukia. Wakati mwingine sehemu inaisha mtu akipanda ngazi tu, muziki ukilia kana kwamba pana msiba.

Tamthilia ya kila siku ina faida, tena kubwa. Imewapa wahusika muda wa kubadilika mbele yetu, jambo ambalo Papa Shirandula hakuruhusiwa. Sultana ilikipa Kiswahili cha pwani nafasi katika saa inayotazamwa zaidi. Waigizaji na mafundi wamepata kazi ya kudumu. Ila mwisho umegeuka kuwa adui wa biashara: hadithi inayovuta matangazo hurefushwa, pacha hufufuka, siri moja hufichuliwa mara tatu. Hata Shehrzadi wa Alfu Lela Ulela, aliyekatiza simulizi alfajiri ili aokoe shingo yake, alizimaliza hadithi zake njiani. Moja ikiisha ndipo nyingine inazaliwa.

Wapangaji wa vipindi watasema tofauti ipo, kwani tangu kuhamia dijitali mtu ana vituo tele vya kuchagua. Ni kweli, lakini kuhama kituo ni kazi ya mtazamaji, na vituo vingi vimeijaza saa ileile kwa umbo lilelile. Tofauti ya kweli inapangwa na mhariri. Wasimamizi wa vituo, tupeni jioni moja kati ya tano ya hadithi inayoanza na kuisha usiku uleule, iandikwe na vijana wanaojifunza kazi, na muiache ishindane na tamthilia ndefu saa moja na nusu, si saa tano usiku watu wakiwa wamelala.