Sifa za Kompyuta Iliyofunguliwa

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, profesa mmoja wa takwimu wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Leo Törnqvist, alijinunulia kompyuta ndogo ya Commodore VIC-20. Kumbukumbu yake ilikuwa kilobaiti 5 tu. Picha moja ya simu ya leo isingeenea humo hata pembe yake. Mzee huyo aliandika programu kwa kalamu kwenye karatasi, kisha akampakata mjukuu wake na kumwachia azichape. Mjukuu huyo ni Linus Torvalds. Tarehe 25 Agosti 1991, akiwa mwanafunzi wa miaka 21, aliwatangazia wapenzi wenzake wa kompyuta kwamba anaandika mfumo endeshi kwa kujifurahisha tu. Mfumo huo ukaitwa Linux. Leo unaendesha seva nyingi za dunia, na kiini chake kimo ndani ya kila simu ya Android iliyoko mfukoni mwa bodaboda, mwalimu na muuza mitumba.

Wanaosimulia historia ya kompyuta husimama kwenye ile tarehe ya Agosti. Mimi husimama kwenye mapaja ya babu. Kabla ya chuo kikuu na kabla ya umaarufu, palikuwa na mtu mzima aliyekubali mtoto aguse chombo chake cha thamani, wakiwa wawili mbele ya kioo kimoja. Nikitafuta chanzo cha mambo makubwa ya fani hii naona mara nyingi kiko hapo, nyumbani, kwa mtu aliyesema: njoo ujaribu.

Kazi inayonilisha ni uhasibu. Kompyuta ni kitu nikipendacho, nacho nakifanyia kazi jioni na Jumapili kwenye meza ya chakula, mashine ikiwa imevuliwa kava na watoto wamenizunguka. Nataka kuusifu ufundi huu wa kufungua na kufufua kompyuta kwa sababu naamini una jambo la kutupa sisi wenye familia, jambo ambalo nchi yetu ilipitwa nalo.

Baba zetu hawakupata bahati ya yule mjukuu wa Helsinki. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na marufuku hiyo ikaja kuondolewa miaka ya 1990. Kizazi kizima cha watu wenye mikono ya kufungua redio, baiskeli na mashine za cherehani kilifika utu uzima bila kuona bodi ya kompyuta. Kisha mambo yakaja kwa kishindo. Julai 2009 kebo ya intaneti ya SEACOM iliyopita chini ya bahari ilianza kazi Dar es Salaam na Mombasa, simu za kugusa zikashuka bei, na ndani ya miaka michache nyumba isiyokuwa na kitu ikawa nyumba ambayo kila mtu ana kioo chake. Hatua ya katikati tuliiruka. Sehemu nyingine za dunia zilipitia miaka ambayo nyumba ilikuwa na kompyuta moja sebuleni, watu wakigombea zamu, mdogo akimfundisha mkubwa, mkubwa akimfokea mdogo. Sisi tulienda moja kwa moja kwenye simu, na simu ni chombo cha mtu mmoja. Kioo chake kinamtosha mmoja, nywila ni ya mmoja, na betri imegandishwa kwa gundi ili mwenyewe asiifikie.

Hatua ile bado inaweza kurudiwa, na bila fedha nyingi. Mashine zipo. Maduka ya mitumba ya Kariakoo yana Dell, HP na Lenovo zilizokwisha kutumika maofisini ng'ambo kisha zikauzwa kwa jumla. Nyingine ziko chini ya vitanda vyetu, zimefunikwa kanga kuukuu, zikingoja siku ya kupelekwa kwa fundi. Nyingi kati ya hizo tunazoziita mbovu hazina ugonjwa mkubwa.

Hewa ya pwani ina unyevu na chumvi. Meno ya kadi ya kumbukumbu, yaani RAM, hupata utando mwembamba usioonekana kwa macho, umeme haupiti sawasawa, na mashine inapiga milio bila kuonyesha kitu kwenye kioo. Dawa yake ni raba ya kufutia penseli: unachomoa kadi, unasugua meno yake taratibu pande zote mbili, unapuliza vumbi la raba, unarudisha hadi vishikizo vilie. Feni nayo hushindilia vumbi kwenye mapezi ya kipoza joto. Prosesa ikipata moto kupita kiasi hujipunguzia kasi ili isiungue, na mwenye mashine husema imezeeka, wakati inachohitaji ni brashi ya rangi na pesti mpya ya kupitisha joto badala ya ile iliyokauka ikawa ungaunga.

Kisha kuna betri ndogo ya duara, CR2032, ya volti 3. Kazi yake ni kuitunzia mashine saa na tarehe umeme unapozimwa. Ikiisha, kompyuta huamka ikidhani iko miaka mingi nyuma, na kwa kuwa vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe za kuanza na kuisha, kivinjari hukataa kufungua karibu kila ukurasa. Nimeona watu wakinunua bando juu ya bando, wakabadilisha modemu, wakaapa kwamba intaneti ya mtaa wao haifai, na shida yote ilikuwa betri ambayo fundi saa anayo kwenye kisanduku chake cha kioo.

Mashine ikigoma kabisa, hapo ndipo utamu wa ufundi ulipo. Unaondoa kila kisichohitajika: diski, kadi za ziada, RAM zote isipokuwa moja. Unawasha. Ikitoa dalili ya uhai unazima, unachomoa waya, unarudisha kifaa kimoja, unawasha tena. Ni kama kuchambua mchele: jiwe halionekani kwa kuutazama ungo mzima, unasogeza punje chache chache. Kazi hii inamfundisha mtoto jambo ambalo sijaona somo jingine likilifundisha vizuri hivyo. Inamfundisha asilaumu kabla hajajua. Kila dhana lazima ijaribiwe peke yake, na ukibadilisha vitu viwili kwa pamoja hutajua ni kipi kilichoponya. Binti yangu alijifunza hivyo mezani, na siku hizi mdogo wake akimwambia kitu kimeharibika, humuuliza kwanza: "Ulibadilisha nini kabla hakijaharibika?"

Yeye huyo ndiye aliyeniuliza, tukiwa tumefungua diski iliyokufa, "Baba, sasa picha ya bibi iko wapi humu ndani?" Nilimwonyesha sahani inayong'aa, nikamwambia kwamba ilikuwa ikizunguka mara 7,200 kwa dakika, na kwamba picha imeandikwa juu yake kwa sumaku, hata ukimulika kwa tochi huioni. Alitazama sahani ile kwa muda mrefu. Mtoto anayejua kwamba picha ya bibi yake ina mahali inapokaa, na kwamba mahali hapo panaweza kufa, hatahitaji kuhubiriwa habari ya kuweka nakala. Nyumbani kwetu picha za harusi, za mahafali na za misiba zina nakala kwenye diski mbili, moja kwetu na nyingine kwa shangazi yao Tanga. Mipango hiyo aliisimamia yeye.

Kuna jambo moja ambalo silegezi kamba: pawasaplai, kile kisanduku kinachoigawia mashine umeme, haifunguliwi. Kapasita zake hushika umeme hata baada ya waya kuchomolewa, na umeme huo unaweza kuua. Ikiharibika inanunuliwa nyingine. Vingine vyote, mtoto aguse.

Nasema aguse nikimkumbuka mama mmoja wa New York. Binti yake, Grace Hopper, aliyezaliwa mwaka 1906, alipokuwa na miaka 7 alizifungua saa za kengele za nyumbani mwao, moja baada ya nyingine, zikafika saba, akitaka kujua zinavyofanya kazi. Mama alipogundua, alimwachia saa moja ya kuchezea. Hakumnyang'anya zote. Binti yule mwaka 1952 alikuwa ametengeneza mojawapo ya kompaila za mwanzo kabisa, programu inayogeuza maagizo ya mtu kuwa lugha ya mashine, na bila kazi ya namna hiyo hakuna anayeandika programu leo. Saa moja ya mezani ni bei ndogo sana.

Baada ya kusafisha huja uamuzi wa diski na mfumo. Nikiwa na uwezo wa kubadilisha kitu kimoja tu, hubadilisha diski ya sahani nikaweka SSD, ambayo haina kinachozunguka ndani yake. Mashine ambayo ulikuwa ukimaliza chai kabla haijawaka huwaka ukiwa bado unavuta kiti. Na upande wa mfumo, wakati umetusukuma wenyewe. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10, na Windows 11 inakataa rasmi kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018 au hivi. Kwa hiyo mashine nzima, yenye prosesa nzuri na kioo kizuri, inahesabiwa takataka kwa sababu ya tarehe. Hilo linaniuma. Fundi wa mtaani atakupigia Windows ya wizi na utarudi kwake baada ya miezi michache na virusi. Mimi huweka Linux, bure na kwa halali, na mashine hiyo inasukuma miaka mingine.

Ile ya sebuleni kwetu inatumia Debian, mojawapo ya aina za Linux. Mfumo huu ulianzishwa mwaka 1993 na Ian Murdock, aliyeunganisha jina la mchumba wake Debra na lake mwenyewe. Vivyo hivyo Michael Widenius wa Ufini, mwandishi wa programu za hifadhidata, aliiita moja MySQL kwa jina la binti yake aitwaye My, mwanawe Max akapata MaxDB, na binti mdogo Maria akapata MariaDB. Watoto wangu wanapenda sana habari hizi. Zinawaonyesha kwamba programu zimeandikwa na watu wenye wake, waume na watoto, watu waliokuwa wakiitwa kula chakula kikiwa kinapoa.

Hapo nifike kwenye ugumu wenyewe, maana upo. Kompyuta inameza watu. Anayetafuta hitilafu saa nne za usiku husema dakika tano tu, na dakika hizo huzaa nyingine. Wapo wanaume wenye vyumba vyao vya mashine, mlango umefungwa, familia inawasikia kikohozi. Mke wangu aliweka sheria tangu mwanzo: hakuna kompyuta inayofunguliwa chumbani, kazi yote ifanyike mezani, na sahani zikija meza iwe tupu. Sheria hii imeufaa ufundi wenyewe. Kwa kuwa meza itahitajika, skrubu hupangwa kwenye kifuniko cha ndoo kwa mpangilio wa zilivyotoka, kila waya hupigwa picha kabla haujachomolewa, na kazi hugawanywa vipande vinavyokwisha kabla ya chakula. Na kwa kuwa ni mezani, kila anayepita anauliza kitu. Mama mkwe wangu, ambaye hajawahi kushika kipanya, ndiye anayejua kwa sauti ni feni gani imekauka mafuta.

Kwenye kabati la televisheni tumeweka Raspberry Pi, kompyuta ya ukubwa wa kadi ya benki iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 2012. Ndani yake kuna Kiwix, programu inayohifadhi Wikipedia ili isomwe bila intaneti. Yeyote nyumbani anaifungua bila kuchoma hata kilobaiti moja ya bando, na umeme ukikatika inaendelea kwa pawabenki. Jioni moja watoto walibishana juu ya kina cha Ziwa Tanganyika. Wakatafuta: mita 1,470. Bibi yao akataka kujua ni nani aliyezama kwenda kupima. Swali zuri sana, na jibu lake, habari ya sauti inayotumwa chini na kurudi, lilitufikisha wakati wa kulala. Kwenye simu angesoma mmoja, akanyamaza.

Ndiyo maana mjadala wa mtoto atazame skrini kwa saa ngapi naona umekosa shabaha. Tuulize anatazama na nani, na kama chombo kile amewahi kukiona ndani. Mtoto aliyewahi kushika bisibisi hakiogopi chombo wala hakiabudu. Anajua kina vumbi, kina betri ya kununua dukani, na kiliundwa na watu.

Kama una kompyuta iliyolala chini ya kitanda, usimwachie muuza vyuma chakavu kwa bei ya soda. Itoe Jumapili hii, chomoa waya wake ukutani, iweke mezani. Mwite mwanao, au mpwa, au mtoto wa jirani anayependa kuuliza maswali. Mpe bisibisi yeye. Anzeni na vumbi, kisha RAM na raba, kisha betri ya duara. Ikiwaka, iacheni hapo sebuleni.