Mlima Ukigeuka Kichuguu

Simama Kitale asubuhi, anga ikiwa safi, uangalie Mlima Elgon. Mita 4,321. Sasa upige picha na lenzi ya milimita 20. Mlima umegeuka kichuguu, na lami iliyo mbele ya viatu vyako imekuwa uwanja wa ndege. Lenzi pana hukuza kilicho karibu na kusukuma nyuma kilicho mbali. Wengi huinunua ili waingize kila kitu, kumbe ni lenzi ya kusogea.

Yangu ni Nikkor 20mm f/2.8 ya miaka ya 1980, ya kuzungusha fokasi kwa mkono. Kwenye kamera ya filamu inaona nyuzi 94. Weka f/8, zungusha pete hadi mita 1.7 hivi, na kila kitu kuanzia kama sentimita 85 hadi upeo wa macho kinatoka vizuri. (Hesabu hiyo haihitaji digrii, nashukuru.) Unabaki kuangalia watu tu.

Sasa twende Bungoma, Agosti ya mwaka shufwa, msimu wa tohara ya Wabukusu. Picha nyingi zinazosambaa ni zile zile: kijana kapakwa matope, chinyimba mikononi, na mpiga picha kamsongelea hadi zile kengele zinamzidi kichwa. Nyuma yake, wajomba na wote waliotoka naye mtoni wamekuwa vidoti. Zinapendeza, sikatai. Lakini zinamwonyesha shujaa aliye peke yake, na pale hakuna aliye peke yake. Kijana anajikaza kwa sababu ukoo mzima unamtazama kama atapepesa macho. Ukiwafanya vidoti, umeondoa kinachomtisha kuliko kisu. Tena uchi wa mtoto wa watu si kontenti.

Mimi ningemsogelea shangazi anayeimba. Bega lake lijaze nusu ya picha, nyuso zifuatane kwenye duara, kijana abaki mdogo katikati, mahali macho yote yanapoelekea.

Shida ni kwamba wanarudi kutoka mtoni alfajiri, na kwa mwanga ule f/8 sahau. Ukifungua f/2.8, kona za picha zinalainika, na ukiweka fokasi mita 2, kinachotoka vizuri ni kati ya mita 1.4 na 3.4 tu. Shangazi au kijana, mmoja atafifia. Lenzi za kisasa zenye mota mara nyingi zitakimbilia uso wowote zilioupata. Hii ya mkono inasubiri uamue, na mimi nitaizungusha kwa shangazi.