Mbizi Inayoishia Timboroa

Saa sita na dakika arobaini mchana, siku ya Jumamosi, tulitoka majini mara ya pili mbele ya Bamburi, kaskazini ya Mombasa. Mwenzangu alivua mapezi hata kabla hajaketi. "Munnange, treni ya alasiri tunaiwahi," akaniambia. Hesabu yake ilikuwa hii: treni hadi Nairobi, basi la usiku kupitia Nakuru na Malaba, asubuhi tuko Kampala, na alasiri yeye yuko Mukono kwenye kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa ukoo, ya binamu yake. Ndege alikuwa ameshaikataa mwenyewe, maana kila aliyejifunza kuzamia kwa mtungi anajua kwamba mtu hapandi ndege akitoka majini. Basi linapita ardhini, kwa hiyo aliona halina neno.

Basi hilo ndilo lililonifanya niichambue siku ile nzima, tangu maandalizi. Naamini kosa alilotaka kulifanya ni kosa letu sisi tunaoishi juu. Mafunzo ya kuzamia yanaanzia usawa wa bahari na kurudi usawa wa bahari. Mtu wa Kampala anaanza na kumaliza penye mwinuko wa karibu mita 1,190, na hiyo tofauti inaingia katika kila hesabu: ya hewa, ya kina, na ya safari ya kurudi nyumbani.

Watu huuliza kwa nini twende mpaka Mombasa ilhali Ziwa Nyanza (Victoria) liko pale Port Bell. Ziwani kuna meli chini, ndiyo. MV Kabalega, kivuko cha kubeba mabehewa, kiligongana na mwenzake MV Kaawa tarehe 8 Mei 2005 na kuzama. MV Templar ilipinduka karibu na Mutima, wilayani Mukono, tarehe 24 Novemba 2018, na zaidi ya watu 30 wakafa. Wazamiaji wa polisi na jeshi walioingia kuwatafuta marehemu walifanya kazi katika maji ya kijani mazito, ambamo mkono hutangulia jicho. Ile ni kazi ya uokoaji, na ninawaheshimu mno wanaoifanya. Kwenda kujifurahisha mahali kama hapo sikubaliani nako.

MV Dania ni habari nyingine. Ilikuwa meli ya kubeba mifugo, yenye urefu wa mita 75 hivi. Mwaka 2002 ilisafishwa, ikatobolewa njia za kupitia wazamiaji, kisha ikazamishwa kwa makusudi ili iwe makao ya samaki. Imekaa wima juu ya mchanga, kwenye kina cha karibu mita 30. Hakuna aliyefia humo ilipozama. Tulichagua mwezi wa Februari, wakati wa kaskazi maji yakiwa meupe, na siku ya maji mafu, kwa sababu bamvua ikivuta, mkondo wa pale humchosha mtu na mtu aliyechoka hula hewa.

Hesabu ya hewa tuliianza Kampala, katika bwawa la kuogelea. Kila mmoja alikaa kwenye kina cha mita 3 kwa dakika 10, akiogelea taratibu, kisha tukasoma geji. Mtungi wangu wa lita 11 ulikuwa umeshuka bar 21, wake bar 27. Bar moja ni takriban shinikizo la hewa ufukweni. Zidisha bar 27 kwa lita 11 upate lita 297, yaani karibu lita 30 kwa dakika. Lakini hizo amezitumia akiwa chini ya maji, kwa hiyo lazima zigawanywe kwa shinikizo la pale alipokuwa ndipo upate matumizi yake halisi ya juu ya maji.

Hapa ndipo watu wa Kampala wanapojidanganya bila kujua. Kitabu kinasema kila mita 10 za maji huongeza bar 1 juu ya bar 1 ya hewa, hivyo mita 3 ni bar 1.3. Mwenzangu aligawa kwa 1.3 akapata karibu lita 23, akafurahi. Lakini hewa ya Kampala haina bar 1, ina 0.88 tu. Mita 3 za maji baridi yasiyo na chumvi huongeza 0.29, jumla 1.17. Gawanya kwa hiyo, na matumizi yake yanakuwa lita 25. Mimi nilipata lita 20. Tofauti ya lita mbili na nusu inaonekana ndogo ukiwa umekaa ukingoni mwa bwawa na taulo begani. Mita 30 chini, ambako shinikizo ni bar 4, inakuwa lita 10 kila dakika, na hizo ni hewa uliyodhani unayo kumbe huna.

Tukapanga kwa kumfuata anayevuta zaidi. Lita 25 mara nne ni lita 100 kwa dakika. Mtungi uliojaa, bar 200 kwa lita 11, una lita 2,200. Swali lililobaki ni kiasi gani kisiguswe.

Mazoea ya boti nyingi ni kusema: "Fika juu na bar 50." Kauli hiyo haimwambii mtu aanze kupanda lini, na kwa meli iliyo mita 30 naiona ni hatari. Tulikokotoa namna nyingine. Tuseme mtungi wa mmoja wetu unakatika chini kabisa, na wote wawili tunapumua kutoka mtungi mmoja, tukiwa na hofu, kila mmoja lita 30 kwa dakika. Dakika moja ya kushikana na kutulia pale chini ni lita 240. Kupanda kwa mwendo wa mita 9 kwa dakika, dakika tatu na nusu hivi, ni lita 525. Kusimama dakika tatu kwenye mita 5, mwili upunguze naitrojeni, ni lita 270. Jumla ni lita 1,035, yaani bar 94. Tukaandika 100. Geji ya yeyote ikisoma bar 100, wote tunaiacha meli. Mtu aliyebaki mita 30 hadi bar 50 ana lita 550, na hizo haziwafikishi watu wawili hata kwenye kile kituo cha mita 5.

Ukitoa hiyo akiba na hewa ya kushukia, mwenzangu alibaki na dakika tisa na kitu pale chini. Majedwali ya kuzamia yanaruhusu dakika 20 kwa mita 30 bila kulazimika kusimama njiani. Kwa hiyo mipaka ilikuwa miwili, na uliokaribia zaidi ulikuwa wa hewa. Tukaandika "9" kwa kalamu kwenye vibao vyetu vya plastiki.

Tulishuka kwa kamba ya boya saa tatu na dakika arobaini asubuhi, yeye mbele, mimi urefu wa mkono nyuma yake. Mita 10 za kwanza ni bluu tupu. Kisha kitu cheusi kikaanza kujichora chini yetu, kikanyooka, kikawa na ukingo, na ghafla ni meli nzima. Moyo hupiga. Nilimtazama mwenzangu: mapovu yake yalikuwa yanatoka kwa kufuatana bila nafasi kati yake. Nikamwonyesha kiganja cha kushuka taratibu, akashika kamba, tukakaa hapo hadi pumzi yake ikawa ndefu. Zile sekunde 30 ziliokoa hewa kuliko hesabu yoyote ya bwawani.

Chini tulipita ubavuni kuelekea nyuma ya meli. Chuma kimevaa sponji na matumbawe laini, kolekole wakizunguka juu kwa kundi, na chewa mmoja mkubwa amejibanza kivulini kama mwenye nyumba. Kwenye tundu moja lililokatwa ubavuni nilisimama nikachungulia: mwanga wa upande wa pili ulionekana wazi, mlango hadi mlango, hatua kama nane za mtu mzima. Kiwiko changu kiligusa ukingo, na mara ile wingu la kutu na tope laini likamwagika ndani. Mwanga wa upande wa pili ukafifia, ukawa kama taa ya kandili nyuma ya shuka, kisha ukatoweka. Ilikuwa ni kugusa tu. Mtu aliye ndani wakati huo angebaki na alichoshika mkononi, na sisi hatukuwa na kamba ya kuongoza njia, wala taa ya pili, wala akiba iliyogawanywa mafungu matatu: la kuingilia, la kutokea, na la mwenzako. Tulishakubaliana Kampala kwamba hatuingii. Nafurahi tulikubaliana tukiwa nchi kavu, kwa sababu lile tundu linavutia.

Dakika ya nane mwenzangu alinionyesha geji yake: 105. Nikaelekeza kidole gumba juu, naye akarudisha ishara ileile papo hapo. Tulitoka majini yeye na bar 65, mimi na 100.

Mbizi ya pili haina mengi. Kina kirefu hutangulia, kifupi hufuata. Tulipumzika saa mbili kwenye boti tukinywa maji na kula ndizi, kisha tukarudi sehemu za juu za meli, hatukuvuka mita 18, dakika 30 zote pamoja.

Basi, turudi kwenye habari ya lile basi.

Zaidi ya robo tatu ya hewa tunayovuta ni naitrojeni, ambayo mwili hauitumii. Ukiwa chini ya shinikizo kubwa inayeyuka katika damu na mafuta ya mwili, kama gesi ilivyoyeyuka ndani ya soda. Soda iliyofungwa haionyeshi kitu. Fungua kizibo haraka, shinikizo lishuke, na mapovu yanatokea pale ambapo hukuona chochote. Mwilini mapovu hayo huleta maumivu ya viungo, ganzi, na mengine huua au kulemaza. Ukipanda taratibu na kukaa muda wa kutosha ufukweni, naitrojeni hutoka kwa pumzi bila kelele.

Ushauri wa wataalamu wa tiba ya kuzamia ni kusubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja ya kawaida, na angalau saa 18 baada ya mbizi zaidi ya moja, kabla ya kupanda ndege. Watu husikia neno "ndege" na kuacha kusikiliza. Kinachohesabiwa ni mwinuko. Ndani ya ndege ya abiria shinikizo halishuki chini ya lile la mwinuko wa mita 2,438 hivi, kwa kuwa hewa ya ndani hushindiliwa. Basi halishindilii hewa. Njia ya Nakuru kwenda Eldoret inapita Timboroa, ambako stesheni ya reli iko mita 2,743 juu ya bahari. Pale shinikizo ni bar 0.72 tu. Mwenzangu alikwepa ndege ili akapande mlima ulio juu kuliko ndege yenyewe, kwa maana ya kile ambacho damu yake ingekisikia.

Nilimchorea saa kwenye mchanga. Kutoka majini, saa sita na dakika arobaini. Nairobi, usiku wa saa tatu. Timboroa, karibu saa nane usiku. Saa 13 na ushei, baada ya mbizi mbili, moja ya mita 30, tena mahali palipo juu kuliko mwinuko ambao zile saa 18 zilipangiwa. Na Kampala yenyewe, mita 1,190, ni mwinuko tosha kumfanya mtu asubiri.

Hesabu hii hugeuka pia. Mzamiaji akitoka pwani na kufika ziwani Nyanza, kwenye mita 1,134, mwili wake una naitrojeni zaidi ya ule wa mwenyeji, kana kwamba ameshazamia asubuhi hiyo. Asubiri saa kadhaa kwanza, na jedwali alisome upya, kwa kuwa mita 20 za ziwa letu huhesabiwa kama zaidi ya mita 22 za bahari. Mwaka 1996, baada ya MV Bukoba kuzama karibu na Mwanza, wazamiaji wa jeshi la wanamaji la Afrika Kusini walikuja kusaidia kutoa miili. Mtu yeyote anayeitwa hivyo kutoka baharini anabeba hesabu hii mwilini, hata akiwa na haraka ya msiba.

Mwenzangu alinyamaza muda mrefu. Kisha akampigia simu ssenga wake, yaani shangazi yake. Nilisikia upande mmoja tu: salamu ndefu, msamaha, kisha, "Hapana ssenga, siumwi, na ndiyo maana nabaki." Alimweleza habari ya soda. Akamweleza mara mbili. Kumkosa mtu wa ukoo siku ya kwanjula si jambo dogo, na aliweka simu mfukoni akiwa na huzuni.

Tulilala Mombasa. Jumapili alasiri tukapanda treni, na usiku basi. Nilikuwa na chupa ya plastiki ya maji niliyoinywa nusu ufukweni na kuikaza kizibo. Baada ya Nakuru dirisha lilipata ukungu na abiria wakaanza kujifunika mablanketi. Mwenzangu alikuwa macho. Basi lilipokuwa likipita Timboroa aliichukua ile chupa, akaibonyeza kwa vidole. Ilikuwa imevimba, ngumu kama mpira uliotiwa upepo. Akatazama saa yake: saa 37 tangu tutoke majini. Akaizungusha kizibo taratibu, robo ya mzunguko tu, na hewa ya Bamburi ikatoka kwa mluzi mwembamba uliodumu mpaka chupa ikalegea mkononi mwake.