Jeshi Hujengwa Kabla ya Vita: Somo la Kagera kwa Mchezaji wa Civilization

Wachezaji wengi wa Civilization VI, wakishatangaziwa vita, hufuta kila kilichokuwa kikijengwa, maktaba na soko, na kuamuru kila mji utoe askari. Wanakuwa wamekwisha kuchelewa, kwa sababu mji hujenga kitu kimoja kwa wakati mmoja. Tanzania ilikabiliwa na tatizo hilohilo Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin, rais wa Uganda, yalipovuka mpaka na kuteka ardhi iliyo kaskazini ya mto Kagera. Njia iliyotumika kulitatua inastahili kuchambuliwa na kila anayelipenda gemu hili.

Tuanze na hesabu. Mpiga kombeo hugharimu uzalishaji 35, mpiga mishale 60. Mji wenye uzalishaji wa 7 kwa zamu humtoa wa kwanza kwa zamu 5, wa pili kwa zamu 9. Lakini ukiwa na wapiga kombeo tayari, dhahabu 60 humgeuza mmoja wao kuwa mpiga mishale kwa zamu moja tu. Siri ni kuzalisha askari wa bei nafuu wakati wa amani, kuweka akiba ya dhahabu, kisha kuwapandisha daraja adui anapojitokeza.

Wapiga kombeo wetu walikuwa mgambo na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). JKT iliundwa 1963. Mgambo walipata nguvu baada ya 1971, mwaka ambao Amin alimpindua Rais Obote na chama tawala chetu, TANU, kikatoa waraka wa Mwongozo. Kwa hiyo Waziri Mkuu Edward Sokoine alipowaagiza wakuu wa mikoa wakusanye watu na vifaa, hakuanzia sifuri. Ndani ya wiki chache jeshi lilitoka takribani askari 40,000 hadi zaidi ya 100,000, mgambo wakiwemo.

Silaha nzito ni habari nyingine. Kiwanda cha Urafiki pale Ubungo, Dar es Salaam, kilikuwa cha nguo. Jirani yake, Ubungo Farm Implements (UFI), kilikuwa cha majembe. Vifaru vilitoka China, na mizinga ya roketi ilitoka Umoja wa Kisovyeti. Nchi isiyo na viwanda vizito hununua, na anayenunua lazima awe na akiba kabla ya risasi ya kwanza.

Kilichobaki kilikuwa usafiri: kutoka Dar es Salaam kwa reli ya kati hadi Mwanza, kisha kwa meli hadi Bukoba. Reli peke yake isingetosha, hivyo serikali ilichukua malori na mabasi ya raia. Kwenye gemu, hatua hiyo ni sawa na kukata msitu: unapata uzalishaji mwingi papo hapo, lakini mara moja tu, na ardhi yako inabaki na tija ndogo. Kampala ilianguka Aprili 1979. Lakini lori lililokwenda vitani halikubeba pamba wala mahindi msimu ule.

Gharama ya vita inakadiriwa kufikia dola milioni 500, nayo ilikuja baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika 1977. Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18. Dhiki ya sukari na sabuni ilidumu kupita hapo. Gemu nalo lina uchovu wa vita: mji uliokosa raha huzalisha pungufu. Ndiyo maana mchezaji makini hupeleka wajumbe mapema Zanzibar, mji-dola wa ndani ya gemu, maana karafuu na mdalasini zake hutuliza miji mingi kwa pamoja.

Mpangilio basi uwe huu: askari nafuu kwanza, akiba ya pili, msitu mwishoni kabisa. Na kabla hujavuka mpaka, panga jinsi ya kurudi. Vikosi vingi hula dhahabu kila zamu hata vikiwa vimekaa tu, na wanajeshi wetu walibaki Uganda hadi 1981. Kuuteka mji mkuu wa adui hakufuti matumizi hayo. Anayeyafuta ni kiongozi aliyeamua mapema ni lini askari wake watarudi nyumbani.